Mhadhara Mkuu wa Injini Isiyosikika, Stendi ya Nangurukuru

Waheshimiwa madereva, makondakta, mama ntilie, na ninyi wa bodaboda mnaopiga resi wakati mtaalamu ameshasimama: nisikilizeni. Shahada zangu nimejitunuku mwenyewe, maana hapa Kilwa hakupatikana mtu wa kunitahini.

Tuanze na sayansi. Bajaji ina silinda moja. Pistoni ikipanda na kushuka, abiria naye anapanda na kushuka pamoja na ndoo yake ya samaki. Toyota Passo nyingi zina silinda tatu, hivyo injini inayumba kichwa na mkia. Nne ni afadhali, ila kila kranki ikizunguka mara moja, mtetemo unakuja mara mbili. Sita za mstari mmoja ndiyo elimu yenyewe: pistoni zinafutiana mitetemo. Ndiyo maana Toyota Mark II ya GX100 ikiwa nzima, mtu anauliza kama imewashwa. Rolls-Royce, kwa kiburi tu, wanafunga sita mbili, silinda 12, lita 6.75.

Sasa fitina. Mercedes-Benz na BMW walijiona wenye hati miliki ya utulivu. Mwaka 1989, pale Detroit, Toyota wakaleta Lexus LS 400: injini ya V8, maunting za injini zenye majimaji ndani, na bei ya dola 35,000 hivi, chini kabisa ya Mercedes kubwa za wakati ule. Katika tangazo wakapanga mnara wa glasi za shampeni juu ya boneti, gari likiwa kwenye rola, magurudumu yakazungushwa hadi kupita kilomita 230 kwa saa. Haikuanguka hata glasi moja. Nami nilitaka kurudia jaribio hilo kwa vikombe vya kahawa juu ya pikapu ya samaki kutoka Somanga. Muuza kahawa akaninyima vikombe. Utafiti barani Afrika hukwama hivi hivi.

Wakubwa wakahamaki, wakaongeza vioo vya tabaka mbili na masufi. Rolls-Royce Ghost ya 2020 ilibebeshwa zaidi ya kilo 100 za vizuia sauti, mpaka wahandisi wenyewe ukimya ukawavuruga akili, wakarudisha mnong'ono kidogo. Mmesikia? Tajiri analipa sauti iondolewe, kisha analipa irudishwe. Na kule Kilwa Masoko kijana anampa fundi hela amkatie ekzosi ili mtaa mzima ujue amepita. Nimeitungia kanuni: hakuna binadamu anayeridhika na sauti aliyouziwa kiwandani.

Wala Wazungu wasijigambe. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, chombo chake kilisukumwa na upepo wa kaskazi: silinda sifuri, mtetemo sifuri. Mercedes kule Stuttgart wanahangaika na kitu ambacho bandari yetu ilikuwa nacho bure. (Mawimbi ni somo jingine, msinikatize.)

Hukumu yangu: mwenye bei nafuu ameshinda. Anayetaka utulivu wa Lexus kwa pesa ya korosho anunue Mark II iliyotunzwa, abadilishe maunting zilizopasuka, na fundi asiiguse ekzosi. Ada ya mhadhara ni soda moja, ya baridi. Ijumaa baada ya swala nitafundisha honi za mabasi ya Mtwara. Njooni na pamba za masikio.