Yah: Ombi la Kuruhusiwa Kufanya Kazi Bila Malipo

Kwa Afisa wa Viza,
Ubalozi wa nchi moja ya Ulaya (jina nalihifadhi, mwenyewe unajijua),
Dar es Salaam.

Ndugu Afisa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi mwashi wa Uyole, Mbeya. Nina cheti cha VETA na umri wa miaka 26. Sina mke, sina kiwanja. Hayo mawili ya mwisho nayataja mapema kwa sababu ndiyo uliyoyasoma, mengine yote ukayaruka.

Nilialikwa kwenye kambi ya kazi huko kwenu, wiki tatu, kukarabati ukuta wa mawe wa shamba la zamani. Chakula chao, malazi yao, mshahara hakuna. Mwaliko ulitoka kwa vijana wenu waliokuja kusaidia boma la darasa ambalo sisi wananchi tulikuwa tumelifikisha usawa wa madirisha. Walikuja na moyo, hilo siwanyimi. Mwiko ndio walikuwa hawajaushika. Mmoja wao alipandisha kozi nne kwa furaha kubwa, mpaka nilipoteremsha timazi tukaona ukuta umetoa tumbo kama la mjamzito wa miezi saba. Tukabomoa, tukacheka, nikamwonyesha kuvuta kamba na kuweka pimamaji kila kozi. Siku anaondoka alikuwa anajenga kona inayosimama wima. Huyo ndiye aliyeniandikia barua ya mwaliko, na aliposema wanahitaji utaalamu wangu hakuwa anapamba.

Nikaanza maandalizi. Nasikia vijana wenu wakijiandaa kwa safari kama hizi hununua viatu vya porini na dawa ya mbu. Maandalizi yangu mimi yalikuwa kuthibitisha kwamba sina shida. Mlitaka taarifa ya benki, barua ya mwajiri yenye tarehe ya kurudi kazini, hati za mali, cheti cha ndoa. Sasa, Ndugu Afisa, tusaidiane hesabu. Mwenye mwajiri, nyumba, mke na salio nono hapati wiki tatu za kwenda kupanga mawe bure. Anayezipata ni mimi. Mnamtafuta mtu wa kujitolea asiye na nafasi ya kujitolea, na kwa hilo nawapongeza, mipaka yenu iko salama.

Mwajiri wangu ni yeyote anayejenga. Mwezi huo alikuwa mama mmoja wa Iyunga, namjengea choo. Nilipomwomba barua ya likizo aliniuliza kama nimelala salama. Mjomba alitaka kuniwekea milioni nne benki zikae zionekane kisha azichukue, msaada wa kawaida kabisa mtaani kwetu. Nikakataa, nikaleta salio langu lenyewe, dogo na la kweli. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaandika barua, akagonga muhuri mara mbili kwa kuwa wa kwanza ulififia. Alieleza kwamba ananifahamu tangu utotoni, kwamba mama yangu yupo hai, na kwamba nina matofali yangu nimeyafyatua nyuma ya nyumba. Kwetu huo ni ushahidi mzito. Mtu hatoroki akaacha matofali.

Nikapanda basi, zaidi ya kilomita 800, maana serikali ilihamia Dodoma lakini dirisha lenu bado liko Dar es Salaam. Picha ya milimita 35 kwa 45, ukuta mweupe nyuma, uso usiotabasamu, hiyo haikunipa taabu. Taabu ilikuwa vidole. Mashine ilivikataa. Saruji imeshakula mistari yote, gumba langu limekuwa laini upande mmoja na magamba upande wa pili. Dada wa dirishani akanipa kitambaa chenye maji, nikafuta, ikakataa. Akanishika gumba akalibonyeza mwenyewe, ikakubali shingo upande. Alama hizo za vidole mnazitunza hadi miaka mitano. Zitunzeni vizuri. Mkitaka ushahidi kwamba nina kazi ya kurudia, umo humo.

Kuna bima pia, ya euro 30,000. Niliisoma yote. Inagharimia matibabu ya dharura, na nikifariki inagharimia kurudishwa kwa mwili wangu nyumbani. Yaani nikiwa mzima nitarudi kwa tiketi niliyowaonyesha, na nikiwa maiti nitarudi kwa bima niliyowalipia. Halafu katika ile fomu yenu ya kunikatalia mkaweka alama kwenye kisanduku kinachosema mna shaka kama nitaondoka.

Inachekesha zaidi ukijua kambi za kazi kama hiyo zilianzia wapi. Mwaka 1920 Mswisi Pierre Ceresole aliwakusanya watu wa mataifa mbalimbali, Wajerumani wakiwemo, kwenda Ufaransa kujenga upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun, kilichokuwa kimesagwa na vita. Adui wa juzi alikuja na koleo. Mimi nimekuja na timazi, na kwenye vita yenyewe sikuwepo.

Nimeanza kufikiri nasi tuwaige. Kijana wenu wa miaka 18 akitua KIA, akishalipa dola 50 zake za viza, aketishwe pembeni. Amejenga kwao? Ana ng'ombe wangapi? Ameoa? Barua ya mwenyekiti wa mtaa wake iko wapi, na je, imetafsiriwa kwa Kiswahili na mtafsiri aliyeapishwa? Atuhakikishie pia kwamba hatazamia Nungwi akafungua baa. Maana hao nao tunao.

Mwisho, kuhusu ada. Ilikuwa euro 80, tangu Juni 2024 ni 90, zaidi ya shilingi laki mbili, na hairudishwi hata ombi likikataliwa. Silalamiki. Naomba tu stakabadhi ibadilishwe isomeke "mchango wa hiari", kwa kuwa katika safari nzima ya kujitolea hicho ndicho nilichoruhusiwa kujitolea.

Wako mtiifu,
Fundi wa Uyole.

Nakala:
Mwenyekiti wa mtaa: pole kwa wino.
Kijana wa kona iliyonyooka: mawe makubwa yaanze chini, usiwasikilize wenzako.
Mama wa Iyunga: Jumatatu nipo, andaa mchanga.