Sifa za Jalala

Waungwana husifu mito, milima na mabibi harusi. Mimi, kwa idhini ya nzi na kuku wote wa Mshangano hapa Songea, nasimama kulisifu jalala. Sisemi dampo la manispaa, bali lile shimo la zamani nyuma ya nyumba, lililofukiwa kwa majivu na maganda hadi likasahaulika, na leo limeotesha mgomba wenye mkungu wa kutamanisha majirani.

Songea tunayo Makumbusho ya Majimaji, na heshima yake naikiri. Lakini makumbusho yana mlango, mlinzi na kitabu cha wageni, na wanaokumbukwa mle ni mashujaa. Jalala halichagui. Makumbusho yatakueleza nani alinyongwa mwaka 1906. Jalala litakueleza jirani alikunywa nini. Mzee mmoja mtaani, aliyeapa miaka yote kwamba hajaonja kileo, shimo lake lilinipa shingo 11 za chupa za bia. Nilizifukia tena, nikamwamkia kama kawaida.

Na lina elimu. Shika chupa, fuata mshono wa kioo kwa ukucha. Ukikomea shingoni, ule mdomo ulimaliziwa kwa mkono wa fundi. Ukipanda hadi ukingoni, hiyo ni kazi ya mashine, jamaa ya ile aliyoivumbua Mmarekani Michael Owens mwanzoni mwa karne ya 20. Enzi za boma la Wajerumani, kabla ya lori, mzigo wa Songea ulipanda kutoka pwani kichwani mwa mpagazi. Fikiri mtu anatembea majuma na bia ambayo hataionja!

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaochimba majalala ya kale hurudi na chupa tele. La kwetu ni bahili, na ubahili huo ndio fahari yake. Nani Ungonini alitupa chupa nzima? Iliingia na bia, ikahamia kwenye mafuta ya taa, ikaoshwa kwa mchanga ikabeba asali, ikapimia mafuta ya karanga gengeni, uzeeni ikatunza dawa ya mizizi chini ya kitanda. Ilifika jalalani siku ilipopasuka. Ukiona nzima shimoni, jua kuna mtu aliitafuta nyumba nzima na mtoto fulani alichapwa.

Hata ukali wake ni malezi. Huchimbi jalala ukiwa umesimama. Utapiga magoti, na vigae vitaionja damu yako kabla hujaiona hazina. (Chanjo ya pepopunda kwanza, sifa baadaye.) Tena linakuletea wageni. Ukionekana na jembe alfajiri, mtaa wote unajua unatafuta rupia za Mjerumani. Balozi wa nyumba kumi alikuja kunijulia hali, akakaa saa mbili, macho yote shimoni.

Sikupata rupia. Nilipata chupa moja nzima ya kijani, mshono umekomea shingoni, ndani imejaa udongo na konokono mmoja. Niliiosha siku mbili, nikaiweka dirishani ipigwe na jua, nikawaita marafiki waje waione. Jioni walipofika haikuwepo. Bibi alikuwa ameijaza mafuta ya taa, akaiziba kwa gunzi.