Asante kwa Kutuletea Historia

Tuwe na shukrani. Kabla ya 1923 Uganda haikuwa na historia, ilikuwa na wazee tu. Mwaka huo mabwana wa kikoloni wa Entebbe wakaunda chama cha fasihi na sayansi, na mambo ya kale yakaanza papo hapo. Ni kweli kwamba Apolo Kagwa, Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, alikwisha kuchapisha kitabu cha wafalme wa huko mwaka 1901, lakini kwa Kiganda, lugha yenye kasoro moja kubwa: Waganda waliielewa. Maarifa yanayoeleweka na wenyewe yatakuwa na heshima gani?

Chama kikakua, kikahamia Kampala, kikajiita Uganda Society, na 1934 kikaanzisha jarida kwa Kiingereza safi. Aghalabu mzee alisimulia, bwana shauri akaandika, na sifa zikamwendea aliyeshika kalamu. Ndiyo haki. Hata chanzo cha Nile hakikuwepo mpaka wenyeji walipompeleka Mwingereza Speke kukigundua, 1862.

Kwa hiyo, msomaji, kama una babu anayekumbuka mengi, usijisumbue kumsikiliza. Ngoja kiundwe chama.