Shashi wa Mgongoni

Mwaka wa ukame mkali, wanyama wa nyanda za Kongwa walianzisha mfuko wa fidia chini ya mbuyu. Kila msimu mnyama alitoa pishi mbili za mtama, na aliyeanguka korongoni na mzigo wake, mfuko ulimwinua. Mtunza mfuko alikuwa Tembo.

Siku moja Tembo akasema, "Si haki mwenye mwendo wa pole alipe sawa na mkimbiaji. Kila mmoja wenu abebe ndege shashi mgongoni. Atahesabu hatua na mbio zenu, jioni aniletee habari. Mwenye mwendo mwema atalipa pishi moja tu."

Punda akafurahi. Alizoea kupeleka mahindi Kibaigwa, na hakukimbia ila aliposikia radi. Bibi Kobe akauliza, "Mzee Tembo, habari hizo zitalala wapi, na nani atazisikia?" Akajibiwa kwamba asiye na kosa hana la kuficha. Wengine wakapiga makofi.

Shashi akahesabu hatua. Lakini jicho lake halikuchagua. Aliona pia kwamba Punda husimama mlimani kwa maumivu ya goti, na kwamba siku ya mnada hurudi usiku, mtoto wake akibaki peke yake kisimani. Yote yakasimuliwa chini ya mbuyu, kwa sauti. Upande wa pili wa shina alikuwa amejilaza Fisi.

Msimu uliofuata Punda akatozwa pishi tatu kwa ajili ya goti. Usiku wa mnada, mtoto wake hakuonekana kisimani.

"Mzee," Punda akamlilia Tembo, "mimi nilikupa hatua zangu. Goti langu ulipewa na nani? Na kisima changu, nani kampa Fisi?"

Tembo hakuwa na jibu, kwa sababu hakuwahi kuweka mlinzi.

Shashi huyu tayari yuko katika barabara ya Dodoma hadi Morogoro. Mabasi ya masafa marefu hufungwa kifaa cha VTS, yaani cha kufuatilia mwenendo wa magari, kinachoitumia LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, mwendokasi na mahali basi lilipo. Kinawabana wanaovuka kilomita 80 kwa saa, nami nakiunga mkono kwa moyo wote, maana kinaokoa roho za abiria. Bima inayopima mwendo wa gari la mtu binafsi ni jambo jingine. Mwaka 2024 huko Marekani ilifichuka kwamba kampuni ya magari ya General Motors iliuza taarifa za uendeshaji wa wateja wake kwa madalali wa data, zikafika kwa kampuni za bima, na wapo madereva waliopandishiwa ada bila kujua sababu.

Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa na zilindwe. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiletewa kifaa pamoja na punguzo la bima, usitie saini kabla hujaandikiwa nani atazifungua taarifa zako, zitakaa kwa muda gani, na nani mwingine atapewa.