Sulemani: Mfalme Aliyechezewa Shere na Wapenzi Wake

Wahenga wa Kiyahudi walimjalia Mfalme Sulemani hekima yote ya dunia, halafu wakakaa kitako kumsubiri ateleze. Tuanze na kisa cha sita, tushuke mpaka cha kwanza.

6. Majina saba
Alipozaliwa, nabii Nathani alimwita Yedidia, mpendwa wa Bwana. Midrashi, yaani tafsiri za wahenga hao, zikapekua Maandiko na kumbandika mengine: Kohelethi, Aguri, Yake, Lemueli, Ithieli. Jumlisha na Sulemani, saba. Kwa mwenye wake 700 na masuria 300 si mengi: mmoja akibisha hodi kumtafuta Lemueli, Aguri anajibu hayupo.

5. Kiti cha enzi
Targumi ya Pili ya Esta, tafsiri ya Kiaramu ya kitabu hicho, inasema kila alipokanyaga ngazi, simba na tai wa dhahabu walimsaidia kupanda. Baba mtu alimwangusha Goliathi kwa kombeo. Mwana ngazi sita tu zinamshinda.

4. Miguu ya malkia
Targumi hiyohiyo: hudihudi analeta habari za malkia wa Sheba, malkia anakuja, anaiona sakafu ya kioo, anadhani ni maji, anainua gauni. Miguu ina vinyweleo. Na mwenye hekima kuliko wote anafanya nini? Anavisema, tena mbele ya mgeni! Kurani nayo, katika Sura ya An-Naml, ina hudihudi na sakafu hiyo, ila vinyweleo haivitaji. Huo ndio ustaarabu.

3. Sisimizi
Akisafiri angani juu ya zulia lake, Sulemani alimsikia malkia wa sisimizi akiwaamuru wenzake wajifiche. Akashuka kumhoji. Bibi akagoma kujibu mpaka anyanyuliwe kiganjani. "Yupo aliye mkuu kuliko mimi?" "Yupo, mimi hapa. Mungu amekutuma unibebe."

2. Vichwa viwili
Mtu mwenye vichwa viwili alizaa wana saba, mmoja akamrithi vichwa. Baba alipokufa, huyo akadai mafungu mawili. Sulemani akafunika kichwa kimoja, akamwagia kingine maji ya moto. Vilipiga kelele vyote viwili. Basi, fungu moja. Mahakama zetu zingeahirisha kesi mpaka wajukuu.

1. Ashmedai
Hii, kutoka Talmudi, traktati ya Gitini, ndiyo kiboko. Hekalu halikutakiwa kuguswa na chuma, kwa hiyo Sulemani alihitaji shamiri, kijidudu cha kupasulia mawe. Siri yake alikuwa nayo Ashmedai, mfalme wa majini. Benaya, mtumishi wa mfalme, akaenda, akajaza divai kisimani kwa jini. Jini akalewa, akafungwa mnyororo.

Shamiri akapatikana, kazi ya Hekalu ikaisha. Siku moja Sulemani akamuuliza mfungwa wake: nyie majini mnatuzidi nini? Ashmedai akasema, nifungue, unipe na pete yako ya nguvu, nitakuonyesha. Akampa! Jini likammeza, likamtema parasangi 400 kutoka hapo, likakaa kitini. Mwenye hekima akawa ombaomba, mlango kwa mlango, akidai eti aliwahi kutawala Yerusalemu.

Wazee walishtuka kwa kuwa mwendawazimu hang'ang'anii neno moja kila siku. Wakamuuliza Benaya: mfalme amekuita karibuni? Hapana. Wakawaagiza wake wa mfalme wamchunguze miguu, maana majini yana miguu ya jogoo. Jibu likaja: siku hizi havui soksi.

Sulemani akarudishiwa pete na mnyororo, Ashmedai akapaa. Tangu hapo mashujaa 60 walilinda kitanda chake usiku, na pete, naamini, hata kuoga alioga nayo.