Tukijumlisha Tunapata Nani?

Balaa lote lilianza na neno "namba". Bosi wangu akilisikia tu, mkono unakimbilia kikokotoo. Nilipotengeneza kanzidata ya wanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo, aliniuliza kwa nini safu ya NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, nimeiweka kama maandishi wakati kila mwenye macho anaona ni namba.

"Bosi, ya kwako tukijumlisha na ya kwangu, tunapata nani?"

Hakucheka. Akaniambia nibadilishe.

Nikabadilisha; mshahara nao ni namba. Kompyuta ikagoma. Namba kamili kubwa kabisa ambayo kanzidata yetu inaimeza ina tarakimu 19, na NIDA ina 20. Nikazipiga marufuku namba hasi ili nafasi iongezeke. Ikafika 18446744073709551615, ikakwama. Sasa tazama: NIDA inaanza na mwaka wa kuzaliwa, na sisi wa karne iliyopita tunaanzia 19. Yaani mtu aliyezaliwa 1843, Seyyid Said akiwa bado anatawala Unguja, angepokelewa bila swali. Mimi nakataliwa.

Bosi akasema basi, atajaza mwenyewe kwenye Eksel. Ijumaa jioni, nimeshabeba begi, akaniletea orodha. Eksel hushika tarakimu 15 tu, zinazobaki inazigeuza sifuri, na wala haikohoi. Kila mwanachama anaishia na sifuri tano. Kwenye skrini wengi wao wanaitwa 1.98E+19, kama ukoo mmoja. Kwenye namba za simu, sifuri ya mbele imepotea. Zilizokuwepo imezila, zisizokuwepo imezizaa!

Nikarudi kwenye fomu za karatasi, moja baada ya moja. Huyu kaweka vistari, yule kaacha nafasi, mwingine kaandika herufi O mahali pa sifuri, tena kwa mwandiko mzuri wa kuringia. Mmoja, kwenye visanduku vya NIDA, kajaza: "Ipo nyumbani."

Safari hii sikuomba ruhusa ya mtu. Safu ni maandishi, herufi 20 kamili. Vistari vinafutwa mlangoni na kurudishwa wakati wa kuchapa: nane, tano, tano, mbili. Nikaweka masharti: tarakimu tupu, isijirudie kwa watu wawili, na nane za mwanzo ziwe tarehe iliyopo kwenye kalenda, maana tayari nilikuwa na mwanachama wa tarehe 30 Februari. Ukikosea tarakimu za mwishoni, hapo sina dawa, nitajuaje?

Sharti la mwisho ndilo linalonitoa jasho: tarehe ya kuzaliwa kwenye fomu ilingane na ya NIDA. Sikujua kwamba nusu ya chama ina umri wa kazini na umri wa nyumbani. Jumatatu akaja mzee mmoja wa mkopo; fomu inasema 1966, kitambulisho kinasema 1961. Nikampa shikamoo, nikamgeuzia skrini yenye maandishi mekundu. Akavaa miwani, akasoma taratibu, akavuta kiti karibu yangu.

"Mwanangu, bosi wako ananiambia wewe ndiye uliyeshikilia kwamba hii si namba, ni maandishi."

"Ndiyo, mzee."

"Basi si yafutike."