Baiskeli Iliyojificha Chini ya Mtoto

Gurudumu la mbele la kigari cha mtoto halianzi kutikisika uchochoroni. Husubiri lifike mbele ya kijiwe cha bodaboda. Kigari kilichoteleza vizuri dukani, juu ya marumaru, kinaingia barabarani, mzazi anaongeza mwendo ili awahi, na ghafla gurudumu lile moja linaanza kupiga kushoto na kulia, kushoto na kulia, linakataa, linakataa, linakataa. Mpini unatetemeka hadi kwenye viwiko, chupa ya maji inaruka, mtoto anacheka akidhani hiyo ndiyo huduma aliyolipiwa, na kijiweni ushauri unaanza kugawiwa bure: kaza nati, legeza nati, ongeza upepo, toa upepo, kibebe kichwani. Fedheha hiyo haina pa kujificha, maana aliyeshika kigari chenye mtoto hawezi kujifanya kwamba si chake. Akiwa bado anachomwa na kicheko cha watu, mzazi anatoa hukumu ya haraka: kigari kibovu, muuzaji tapeli, magurudumu matatu ni mbwembwe za Ulaya. Nadai kwamba kigari hakina hatia, na mara nyingi hata muuzaji hana. Kosa lilitendeka siku ya kununua, pale kilipochaguliwa kwa macho yanayochagua makochi: rangi, ulaini wa mto, mahali pa kuweka kikombe. Kumbe hiki si kiti. Ni baiskeli iliyobebeshwa mtoto, na asiyekichagua na kukitunza kama baiskeli atakutana na kijiwe chake siku yoyote.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye ukoo wa chombo chenyewe. Vigari vyepesi vinavyojikunja mithili ya mwavuli vilitoka kwa Owen Maclaren, mhandisi Mwingereza aliyewahi kushughulikia magurudumu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire. Mwaka 1965 alibuni kigari cha fremu ya alumini cha kukunja na kupanda nacho garimoshi au ndege. Kwa safari za vituoni na njia zilizosakafiwa, magurudumu madogo yalitosha. Kigari cha magurudumu matatu kina baba mwingine. Mwaka 1984 Phil Baechler, mwandishi wa habari na mkimbiaji wa jimbo la Washington huko Marekani, alitaka kukimbia bila kumwacha mtoto nyumbani, akachukua kigari cha kawaida na kukitia magurudumu ya baiskeli. Hicho ndicho kikawa Baby Jogger, mzee wa hivi vyote tunavyoviona leo vikining'inia kwenye maduka ya mtumba Kariakoo. Kwa hiyo baiskeli haikuja baadaye kama pambo. Ilikuwapo tangu siku ya kwanza, na ndiyo iliyofanya chombo kiweze kupita kwenye changarawe na nyasi. Mnunuzi anayekipeleka nyumbani na kukiegesha kando ya kabati, asikiguse tena isipokuwa kwa kitambaa cha vumbi, ameikana nusu ya ukoo huo.

Turudi kwenye gurudumu linalokataa, kwa sababu ndani yake mna ufundi mtamu kuliko kelele zake. Gurudumu la mbele linaloweza kuzunguka halikufungwa moja kwa moja chini ya mhimili wake wa kugeukia. Ukiinama utaona mhimili umesimama karibu wima, na pale tairi linapogusa ardhi pamebaki nyuma yake sentimita chache. Umbali huo mdogo ndio akili yote ya chombo. Ukisukuma, mhimili hutangulia na gurudumu hufuata nyuma. Likienda upande, msuguano wa ardhi hulirudisha kwenye mstari bila mtu yeyote kuliagiza. Ukivuta kigari nyuma, gurudumu hujikuta limetangulizwa mbele, halikubali, linazunguka nusu duara hadi lipate tena nafasi ya nyuma, na ndiyo maana pua ya kigari hurukia rafu za duka kila unapotaka kumpisha mtu. Toroli za supamaketi hutumia hesabu hiyohiyo. Tatizo ni kwamba gurudumu linaporudi kwenye mstari halifiki likiwa limetulia. Limekuja na kasi, linapitiliza upande wa pili, ardhi inalirudisha, linapitiliza tena. Katika mwendo wa kutembea, msuguano ulio ndani ya kiungo hula nguvu ya kila mpigo na mtikisiko hufa wenyewe. Mwendo ukizidi kiwango fulani, kila mpigo huchota kutoka kwenye safari nguvu nyingi kuliko ile inayoliwa na kiungo, na mtikisiko hukua badala ya kufa. Maana yake ni chungu: jasho la anayesukuma ndilo linalogharimia fedheha yake. Beringi iliyolegea huliachia gurudumu nafasi ya kucheza, tairi lisilo na upepo wa kutosha huvuruga mshiko, na mambo hayo mawili hushusha ule mwendo ambapo gurudumu huanza kukataa, hadi hata mtu anayetembea taratibu akatikiswa.

Dawa yake ipo, tena imo ndani ya kigari. Karibu kila kigari cha matatu chenye gurudumu la kuzunguka kina pini au kitufe cha kulifunga lielekee mbele tu. Ukikimbia au ukiingia kwenye mawe, unalifunga. Ukirudi sokoni penye kona nyingi, unalifungua. Likiwa limefungwa, unakata kona kwa kugandamiza mpini, kuinua pua kidogo, kisha kuielekeza unakotaka. Nalo likifungwa bila kunyooka sawasawa, kigari kizima huvuta upande, na mzazi hupelekwa mtaroni kwa upole mkubwa. Ndiyo maana vigari vingi vya kukimbilia vina kirekebishio kwenye uma wa mbele, ambacho wanunuzi wengi hukaa nacho miaka wakidhani ni urembo. Na kabla ya kukimbia, mtoto naye ana masharti: watengenezaji wengi hawaruhusu kukimbia na aliye chini ya miezi 6, kwa kuwa shingo yake haijawa tayari kwa mitikisiko hiyo. Tena ukague jinsi gurudumu lenyewe linavyoshikiliwa. Mwaka 2018 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilimshtaki mtengenezaji mmoja kwa sababu magurudumu ya mbele ya vigari vyake vya matatu yalikuwa yakichomoka, na watoto na watu wazima wakaumia; kesi iliisha kwa makubaliano mwaka huohuo. Kiini cha ugomvi kilikuwa wenzo wa kuchomoa gurudumu haraka, kifaa kilichotoka kwenye baiskeli. Mwendesha baiskeli hukikagua kila anapoondoka. Mzazi hakuwahi kuambiwa kwamba amenunua baiskeli.

Ukikubali kwamba ni baiskeli, namna ya kuchagua inabadilika yenyewe. Hutaanza na kitambaa, utaanza na ubavu wa tairi, mahali palipoandikwa mambo ambayo muuzaji hakuyasema. Ukikuta 62-203, maana yake tairi lina upana wa milimita 62 na linakaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 203. Ni kipimo kilekile kinachoitwa inchi 12½ kwa 2¼, kilichoenea kwenye baiskeli ndogo za watoto, na hiyo ni habari njema kuliko mto wowote: tairi na tyubu vitapatikana kwa fundi baiskeli yeyote mwenye meza chini ya mwembe. Kipimo cha ajabu kisicho na ndugu mjini kitakugeuza mtumwa wa oda za kutoka nje. Tazama pia valvu. Gurudumu dogo halina nafasi ya kichwa cha pampu kati ya spoku, hivyo tyubu yenye valvu iliyopinda shingo hukuokolea vidole na matusi. Kiwango cha juu cha upepo kimeandikwa ubavuni, mara nyingi kati ya paundi 30 na 35, na pampu ya mkono inatosha. Mashine ya kituo cha mafuta, iliyozoea malori, hujaza tyubu ndogo kwa sekunde chache na kuipasua katika sekunde inayofuata. Halafu zungusha kila gurudumu likiwa hewani, usikilize beringi, usukume spoku kwa kidole. Kitambaa kichafu hufuliwa. Fremu iliyopinda haifuliki.

Watakaopinga watasema magurudumu manne husimama imara kuliko matatu, na kwa kuwa barabarani tumeshaona bajaji zikilala ubavu, hoja hiyo inastahili jibu. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu, na hata mawili hayakiinjiki. Lakini matatu hukiinjika popote, kwenye mwinuko na kwenye bonde, kwa sababu nukta tatu daima hulala juu ya bapa moja, ilhali la nne lazima lichimbiwe ili lifikie wenzake. Kigari cha matatu vilevile hakiyumbi kwenye ardhi mbovu. Magurudumu yake yote hugusa chini wakati wote, huku kile cha manne kikiacha mguu mmoja hewani. Wapinzani wana haki upande mmoja: umbo la pembetatu ni jembamba mbele, hivyo ukikata kona kwa kasi au ukiwahi kuteremka mteremko wa upande, uzito hukaribia mstari wa kupindukia mapema kuliko kwenye mstatili. Wabunifu hujibu kwa kumkalisha mtoto chini na karibu na ekseli ya nyuma iliyo pana. Jibu hilo huharibiwa na mfuko wa viazi ulioning'inizwa kwenye mpini, kwani mtoto akitolewa kigari hulala chali. Ajali nyingine hazihitaji maelezo marefu: breki ya mguu ni ya kuegeshea, si ya kupunguza mwendo mteremkoni. Vidole vya mtoto visiwe karibu na bawaba wakati wa kukunja. Kanga iliyofunika kigari chote juani huzuia hewa na kuzidisha joto. Maji ya bahari hula ekseli kimyakimya, basi ukitoka ufukweni, osha kwa maji baridi, kausha, tia grisi.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike na upepo ilhali kuna matairi yaliyojazwa povu, yasiyopata pancha. Yapo, na kwa anayepita kwenye miiba na vipande vya chupa kila siku ni uamuzi wa busara. Ila hewa iliyomo ndani ya tairi ndiyo springi ya kwanza ya kigari. Ukiiondoa, kila jiwe humfikia mtoto likiwa limepunguzwa kidogo tu. Pancha huzibwa kwa kiraka na solusheni. Usingizi wa mtoto uliovunjwa na mawe hauzibiki.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la mbeleko. Mama amefunga kanga, mtoto yuko mgongoni, mikono yote miwili iko huru, hakuna beringi wala valvu, na daladala inamchukua bila konda kudai nauli ya mzigo. Sina jibu la kuishinda mbeleko kwenye safari fupi, wala sitafuti. Lakini mtoto wa mwaka mmoja ana takriban kilo 9, na mgongo ni wa mtu mmoja, wakati mwingine mwenye miaka sitini, wakati mwingine aliyejifungua kwa upasuaji. Kwenye lami, kigari hugeuza uzito huo kuwa msukumo wa nguvu kidogo tu. Kwenye mchanga mzito mbeleko inashinda. Tatizo ni kwamba mjini Dar es Salaam hatuchagui kati ya lami na mchanga. Tunachagua kati ya njia ya miguu iliyoegeshwa magari na barabara yenye malori. Njia yenyewe ina ukingo unaofika nusu ya gurudumu, na kanuni ya gurudumu haina huruma: kadiri kizingiti kinavyokaribia urefu wa nusu kipenyo chake, ndivyo nguvu ya kulipandisha inavyoongezeka hadi msukumo usiwe na maana. Juu ya ukingo huo kuna mtaro ulioibwa mfuniko. Hapo ucheshi unaniishia, kwa sababu mwenye kigari anaweza kumbeba mtoto mkono mmoja na kukikunja kwa mwingine, lakini aliye kwenye kiti cha magurudumu hawezi kujikunja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010. Vituo vya mabasi ya mwendokasi, vilivyoanza kazi mwaka 2016, vilijengwa na majukwaa yaliyo sawa na mlango wa basi, kwa hiyo hatuwezi kusema mafundi wetu hawajui kujenga kwa ajili ya gurudumu. Wanajua. Njia inayoishia kwenye ngazi ni uamuzi wa mtu, na anayelaumiwa kijiweni ni mzazi.

Hadi barabara zibadilike, kigari cha matatu ndicho kilichobuniwa kwa ajili ya njia mbovu, mradi mwenyewe akubali kazi inayokuja nacho. Nenda dukani na fundi baiskeli, mwache nyumbani shemeji mwenye jicho la rangi. Kila juma bonyeza tairi, kila mwezi kagua nati na beringi, kila masika anika kitambaa kabla ukungu haujahamia. Bei inayotajwa bila pampu, kopo la grisi na tyubu ya akiba ni bei ya nusu ya kigari. Nusu ya pili utalipa tu, ama siku ya kununua, ama barabarani mbele ya mashahidi.